Kutoka Bozeman hadi Mammoth: Safari ya Kufuata Fungu

Tuliondoka Bozeman saa moja asubuhi, mwezi wa Oktoba, kwenda Mammoth katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone, theluji ya kwanza ikiwa imekwisha kuvipaka vilele weupe. Siku iliyotangulia nilishinda katika shamba la utafiti lililoko magharibi mwa mji huo wa jimbo la Montana, ambako ngano ya msimu wa baridi ilikuwa ndiyo kwanza inachipua katika vitalu vyembamba, kila kimoja kikiwa na kibao chake cha namba. Mimi niliyesomea kilimo Morogoro nilijisikia nyumbani kabisa. Kilichonishangaza hapo si mbegu wala mashine, bali umri wa fungu la fedha lililouanzisha utaratibu huo.

Tarehe 2 Machi 1887 Rais Grover Cleveland alitia saini sheria inayojulikana kwa jina la William Hatch, mbunge wa Missouri, ambayo ilitoa dola 15,000 kwa mwaka kwa kila jimbo ili kuendesha kituo cha majaribio ya kilimo. Montana ilikuwa bado haijawa jimbo. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1889, na mwaka 1893 chuo cha kilimo na kituo chake vikaanzishwa Bozeman. Mtu aliyewahi kuwa bwana shamba katika halmashauri ambayo fedha za matumizi mengineyo hufika mvua zikiwa zimekwisha, na pikipiki ya ugani hulala bandani kwa kukosa mafuta, hawezi kulisikia neno "kila mwaka" bila kutaka lirudiwe. Nilimwomba mwenyeji wangu, mtafiti wa udongo ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari, alirudie.

Tulivuka mlima hadi Livingston, kisha tukageuka kusini kuufuata mto Yellowstone, ambao hapo hutiririka kuelekea kaskazini, hata ukawa kama unatupokea. Bonde lilijaa ng'ombe weusi na marobota ya majani makavu yaliyowekwa akiba kwa ajili ya miezi ya baridi. Njiani mwenyeji wangu alinisimulia habari za wale waliolipigia debe eneo tulilokuwa tunaliendea. Mwaka 1871 Bunge la Marekani lilitoa dola 40,000 kwa msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden, naye alikwenda na mpiga picha William Henry Jackson na mchoraji Thomas Moran. Picha zao ziliwaonyesha wabunge maporomoko na chemchemi za maji moto ambazo wengi walizidhania hadithi za wawindaji walevi. Kampuni ya reli ya Northern Pacific nayo ilikuwa ikisukuma jambo hilo kwa nguvu, maana ilitamani abiria. Tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant akatia saini, na Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa.

Sheria hiyo haikutenga hata senti moja. Nathaniel Langford, mmoja wa wapigadebe hao, aliteuliwa kuwa msimamizi wa kwanza bila mshahara, akashika cheo hicho miaka mitano na kuonekana humo mara chache tu. Fedha za kwanza, dola 10,000, zilipatikana mwaka 1878, chini ya msimamizi wa pili, Philetus Norris. Mwaka 1886 Bunge likakataa kabisa kutoa fungu la kuwalipa wasimamizi. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo ndilo lililopitisha zile dola 15,000 za vituo vya kilimo. Naona sababu haiko mbali: mkulima hupiga kura, na chemchemi ya maji moto haina mbunge wake.

Mjini Gardiner tulipita chini ya tao la mawe ambalo Rais Theodore Roosevelt aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1903. Juu yake imechongwa kauli kwamba hifadhi ni kwa manufaa na starehe ya watu. Ni watu gani, nilijiuliza, kwa kuwa Washoshone na Wacrow walikuwa wakiishi na kuwinda humo kabla ya msafara wowote. Nikawakumbuka Wamaasai waliohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959.

Kilomita nane mbele ndipo Mammoth, na hapo jibu la mwaka 1886 bado limesimama kwa matofali na mawe. Fedha zilipokosekana, askari wapanda farasi chini ya Kapteni Moses Harris waliletwa mwezi Agosti mwaka huo kwa muda tu, na jeshi likakaa hadi 1918. Nyumba za maofisa zina varanda pana na mabomba ya moshi marefu, na kulungu wakubwa hulala kwenye majani mbele ya milango. Nilitembea huko zaidi ya saa nzima, kwani sikuwahi kuona kambi iliyojengwa kwa sababu ya bajeti iliyokataliwa.

Hata hivyo askari hao walikuwa na bunduki bila sheria ya adhabu; jangili aliyekamatwa aliweza tu kufukuzwa. Machi 1894 Edgar Howell alinaswa akiwachuna baisoni, yaani nyati wa Amerika, aliowaua, na gazeti la George Bird Grinnell likalipigia kelele tukio hilo hata Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wanyama mwezi Mei mwaka uleule. Idara ya kuhudumia hifadhi za taifa ilikuja kuundwa mwaka 1916.

Tulirudi jua likizama. Mwenyeji wangu alinionyesha upande ambao baisoni hutokea wakati wa baridi kutafuta malisho nje ya mpaka, wakiwatia wafugaji hofu ya ugonjwa wa kutupa mimba. Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikitumia fedha za serikali kuwaangamiza mbwa mwitu hata wale wa mwisho hifadhini wakauawa mwaka 1926, leo hutumia fedha kuupima ugonjwa huo. Mbwa mwitu walirudishwa kutoka Kanada mwaka 1995. Kwenye uzio wa shamba la kwanza baada ya Gardiner, ng'ombe walikuwa wamejipanga wakitazama barabara.