Msichana Mwenye Mbio na Macho ya Watu Wazima

Jinja, Jumapili jioni

Wiki hii walimu wenzangu walijadili amri ambayo Rais Trump wa Marekani aliitia saini Februari 2025, ya kuwazuia wasichana waliobadili jinsia wasishindane katika michezo ya wasichana shuleni. Wengi waliiunga mkono, kisha wakahamia habari nyingine, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba jambo hilo halituhusu. Mimi naona linatuhusu, ila limetuingilia kwa mlango mwingine.

Hoja ya usawa siidharau. Kati ya wakimbiaji bora wa kiume na wa kike kuna tofauti ya kasi ya takribani asilimia 10 hadi 12, nayo hutokana hasa na ubalehe. Pasipo kitengo chao, wanawake wasingeonekana jukwaani. Lakini watoto wa darasa la tatu hupishana kidogo mno, na sioni tunamlinda nani tunapomtoa mmoja wao mchezoni. Mwaka 2022 gavana wa Utah, Spencer Cox, aliukataa muswada wa namna hiyo akieleza kwamba kati ya wanafunzi 75,000 wanaocheza michezo ya sekondari jimboni mwake, waliobadili jinsia walikuwa wanne, na mmoja tu ndiye aliyecheza na wasichana. Bunge la jimbo liliupitisha vilevile.

Kwetu Uganda, tangu ipite sheria ya kupinga ushoga ya 2023, sidhani kuna mzazi atakayethubutu hata kumwuliza mwalimu kuhusu mtoto kama huyo. Anayehojiwa ni msichana wa kawaida mwenye mabega mapana. Muhula uliopita, mama mmoja aliinuka kwenye benchi la wazazi, akamnyoshea kidole mshindi wa mita 200, mtoto wa miaka 11 aliyenyoa nywele kama wanafunzi wenzake wote, akataka apelekwe chooni akakaguliwe. Mwamuzi alicheka. Mtoto hakucheka, alivuta sketi yake chini kwa mikono miwili, akasimama hivyo mpaka nilipomfikia.

Mwanariadha wetu Annet Negesa, ambaye hakubadili jinsia yoyote bali alizaliwa na kulelewa msichana, alitupatia dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Afrika huko Maputo mwaka 2011. Mwaka uliofuata alizuiwa kwenda Olimpiki ya London kwa sababu ya wingi wa testosteroni, homoni ya kiume, mwilini mwake, na kwa maelezo yake akafanyiwa upasuaji ambao hakufafanuliwa vyema. Shirikisho la Riadha Duniani limekana kuhusika. Alijitokeza kusimulia mwaka 2019, mwaka uleule Halimah Nakaayi alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 huko Doha, bila Caster Semenya wa Afrika Kusini, ambaye naye alizuiwa na kanuni za testosteroni, uwanjani, nasi tukashangilia (kwa haki kabisa, Nakaayi hakumwibia mtu).

Kinachonikera ni kwamba udanganyifu tunaoufahamu vizuri, wa vijeba wenye ndevu kusajiliwa kama watoto wa miaka 14, tunauvumilia kwa sababu unaleta vikombe.

Muhula ujao shule yetu ndiyo mwenyeji wa mashindano ya shule jirani, na rasimu ya kanuni nimepewa mimi. Nimeandika kwamba pingamizi la umri litaletwa kwa maandishi, pamoja na vyeti, na kwamba pingamizi kuhusu mwili wa mtoto halitapokewa na mwamuzi yeyote. Mwalimu mkuu ameomba apewe siku chache za kutafakari kifungu hicho cha pili.