Saa 13 angani na kitabu kimoja

Nimeshuka kwenye ndege baada ya saa 13, na riwaya ya kurasa 400 nimeimaliza kabla hatujatua. Raha iliyoje!

Safari iliyotangulia nilibeba kitabu kizito cha historia, nikiamini nafasi ya kukisoma ndiyo hiyo. Sikuvuka ukurasa wa 30. Kule juu hewa ni kavu mno, na shinikizo lake ndani ya ndege ni kama la mlimani, kwenye kimo cha hadi mita 2,400. Macho yanawasha, kichwa kinachoka, injini zinavuma bila kukoma. Aya ndefu huisomi, unaitazama tu.

Safari hii nikachukua hadithi ya upelelezi yenye sura fupifupi. Mhudumu akileta chakula, jirani akitaka kupita kwenda msalani, nafunga. Nikifungua tena nakuta uzi haujakatika. Halafu kurasa 40 za mwanzo nilishazisoma nyumbani, kwa hiyo wahusika nilikuwa nawajua tayari. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Kitabu cha akiba nilikipakua kwenye simu, wala sikukigusa.

Yule mpelelezi bado yumo kichwani mwangu.