Lipidi, na kile ambacho maji huzifanyia

Kwa miaka mingi niliamini kwamba lipidi ni jina la kitaalamu la mafuta, basi, na kwamba kazi ya mafuta mwilini ni kukaa akiba na kuleta maradhi yakizidi. Ndivyo nilivyofundishwa darasani, kwa kurasa mbili za harakaharaka zilizofuata sura ndefu za protini na wanga. Nilipokuja kujisomea biokemia nikiwa mtu mzima, bila mtihani wowote kuningoja, nilibaini kwamba zile kurasa mbili ziliniacha mlangoni. Lipidi ndizo zinazoamua mahali seli inapoishia na ulimwengu wa nje unapoanzia.

Kundi hili lina jambo la pekee tangu katika maana yake. Protini zote hujengwa kwa asidi amino, na wanga hujengwa kwa sukari, lakini lipidi hazina tofali moja linalozijenga zote. Nta ya nyuki, kolesteroli, vitamini A na mafuta ya mbegu hazifanani kwa umbo hata kidogo. Kinachoziweka pamoja ni tabia: kwenye maji haziyeyuki, ama huyeyuka kwa kiasi kidogo mno, ilhali kwenye vimiminika kama etha na klorofomu huyeyuka bila taabu. Ni ukoo unaotambulikana kwa mwenendo wala si kwa sura.

Mwenendo huo unaweza kuuona kwa macho. Chukua chupa angavu, ijaze maji hadi nusu, mimina mafuta kidogo, itikise kwa nguvu, kisha iache imetulia mbele yako. Mwanzoni yote huwa meupe kama maziwa. Baada ya muda mfupi vitone vidogo huanza kupanda. Viwili hugusana, husita kidogo, halafu ghafla huwa kimoja, na kile kikubwa hukutana na kingine, hata mwishowe hubaki tabaka moja juu na mpaka mnyoofu chini yake. Nimelirudia jaribio hili mara nyingi, nikijiuliza ni nani anayeyafukuza mafuta hayo. Jibu limo ndani ya maji yenyewe. Kila molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, kwa hiyo molekuli hizo hushikana na kuachiana bila kukoma. Mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni na hidrojeni, hayana chaji ya kushikika, na molekuli za maji zinazoyazunguka hulazimika kujipanga kwa namna inayozinyima uhuru wa kugeuka. Mafuta yakikusanyika pamoja, molekuli zinazobanwa hivyo hupungua. Tunasema mafuta huyachukia maji, ila kwa kweli ni maji yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe na kuyasukuma mafuta kando.

Sehemu inayojirudia katika lipidi nyingi ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo wa kaboni uliobeba hidrojeni, wenye kundi la kaboksili (fungu dogo la kaboni, oksijeni na hidrojeni lenye tabia ya asidi) kwenye ncha moja. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Asidi ya steariki ina kaboni 18 na mnyororo wake umeshiba hidrojeni, kwa hiyo umenyooka, na minyororo iliyonyooka hulala sambamba ikabanana; huyeyuka kwenye nyuzijoto 69 hivi za Selsiasi. Asidi ya oleiki nayo ina kaboni 18, ila katikati ya mnyororo kaboni mbili zimeunganishwa kwa kifungo maradufu, na kifungo hicho huupinda mnyororo kama kiwiko. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 13 hivi. Asidi ya linoleiki ina pindo mbili, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Idadi ya kaboni ni ileile, lakini moja ni bonge gumu na nyingine ni kimiminika hata kwenye baridi, kwa sababu ya pindo tu.

Viumbe hai huutumia mpindo huu kwa makini ya kustaajabisha. Bakteria wakihamishiwa mahali penye baridi huongeza asidi zisizoshiba, yaani zenye kifungo maradufu, katika tando zao (ngozi nyembamba zinazozizunguka seli) ili zisigande, na samaki wa maji baridi hufanya vivyo hivyo. Miili yetu ina vimeng'enya vya kutia kifungo maradufu, lakini haviwezi kukitia kupita kaboni ya tisa kutoka ncha yenye kaboksili, na ndiyo maana asidi ya linoleiki ni lazima tuipate katika chakula. Watafiti George na Mildred Burr walilionyesha hilo kwa panya kuanzia mwaka 1929: panya walionyimwa mafuta kabisa waliacha kukua na mikia yao ikaota magamba, na walipopewa asidi hiyo walipata nafuu.

Asidi tatu za mafuta zikiungana na gliseroli moja, molekuli ndogo yenye kaboni tatu, huku kila muungano ukitoa molekuli moja ya maji, hupatikana trigliseridi, ambayo ndiyo akiba ya nishati. Gramu moja yake hutoa takriban kilokalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa takriban 4. Zaidi ya hayo, mafuta hukaa makavu, ilhali glikojeni, yaani wanga wa akiba mwilini, huhifadhiwa ikiwa na maji yenye uzito mara mbili au zaidi ya uzito wake. Nilipiga hesabu: nishati iliyomo katika kilo 10 za mafuta, ikiwekwa kwa njia ya glikojeni pamoja na maji yake, ingepita kilo 60. Hakuna ndege ambaye angevuka bahari na mzigo wa namna hiyo.

Ikiwa asidi mojawapo kati ya zile tatu itaiachia nafasi fosfeti (kundi la fosforasi na oksijeni lenye chaji), molekuli hupata kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayosukumwa nayo. Hiyo ni fosfolipidi. Ikitiwa majini, haihitaji fundi: mikia hujificha ndani, vichwa hutazama nje pande zote mbili, na utando hujikunja mpaka ukajifunga, kwa kuwa kingo zilizo wazi zingeiacha mikia kwenye maji. Mwaka 1925 watafiti Gorter na Grendel, huko Uholanzi, walitoa lipidi kutoka seli nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta zinafunika eneo lipatalo mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando una tabaka mbili. Baadaye ilionekana kwamba walikosea vipimo viwili na makosa hayo yakafidiana, lakini hitimisho lao limesimama hadi leo. Utando huo una unene wa nanomita 5 hivi. Tando 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine hukaribia unene wa unywele mwembamba. Hata hivyo utando mmoja huzuia ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na potasiamu kupita ovyo, na bila kizuizi hicho hakuna neva ambayo ingepeleka ujumbe.

Katikati ya fosfolipidi za wanyama hukaa kolesteroli, ambayo husemwa vibaya mno. Pete zake nne ngumu huzuia utando usilegee kupita kiasi penye joto wala kuganda penye baridi, na ndiyo malighafi ya asidi za nyongo, homoni za steroidi na vitamini D. Nta nitaitaja kwa ufupi: ndiyo inayofanya tone la maji libaki duara juu ya jani na kubiringika, na ndiyo inayolizuia jani lisikauke.

Jambo lililonigusa kuliko yote liko ndani ya mapafu. Vifuko vya hewa vimepakwa tabaka jembamba la maji, na maji, kwa kule kushikana kwake, huvivuta vifuko hivyo hata vikasinyaa. Kinachoukata mvuto huo ni lipidi zilizosimama juu ya maji, vichwa vikiwa majini na mikia ikiwa hewani. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua yalikuwa na upungufu wa tabaka hilo la lipidi. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake, nchini Japani, walieleza jinsi walivyowatia watoto kumi wa aina hiyo maandalizi ya lipidi kupitia koo la hewa, na upumuaji wao ukawa bora. Tangu hapo tiba hiyo imeenea duniani: mililita chache za kimiminika cheupe chenye fosfolipidi humiminwa mapafuni, na fosfolipidi hizo hujitandaza zenyewe juu ya maji.