Pesa ya rimu nunua tairi

Niseme mapema ili tusizungushane: mi napenda gari nzuri na rimu nzuri napenda, nikiona Subaru Forester imekaa vizuri juu ya rimu zake nageuza shingo mpaka inapotea, lakini hii tabia ya kuivalisha Toyota Premio rimu za inchi 18 halafu kuipeleka barabara ya Tororo–Mbale, huku kwetu mashariki mwa Uganda, kila wiki siielewi na nimechoka kunyamaza.

Tupige hesabu kidogo. Premio ya umbo lile lililoanza 2007 nyingi zinatoka Japani na tairi 195/65R15. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia, yaani ule ukuta wa mpira kati ya rimu na lami ni asilimia 65 ya upana, kama milimita 127 hivi. Ukihamia 205/55R16 unabaki na 113, ukienda 215/45R17 unabaki na 97, na ukilazimisha 18 kwa 215/40 umebaki na 86, haifiki hata sentimita tisa. Kimo cha tairi zima hakibadiliki sana ndo maana mita ya spidi haikudanganyi kwa kiasi kikubwa na gari inaonekana iko sawa tu, ila kilichopungua ni mpira, na mpira ndo unaomeza shimo. Ukishauondoa shimo linamezwa na rimu, rimu ikishindwa linakwenda kwa vyuma na mipira ya chini inayoshika gurudumu, bushi na boli jointi na shoka (shokamzoba), na hapo ndo utasikia mtu analalamika ati spea za siku hizi hazidumu.

Mashimo yetu nayo yana tabia yake. Mvua ikishanyesha shimo linajaa maji, linalingana na lami, unaona kidimbwi tu, hujui chini kuna kina gani, na ukingo wake ni lami iliyokatika wima kabisa. Pale Mbale kuna fundi ninayemwendea, siku moja alinionyesha tairi aliyotoka kuivua, ukuta wa ndani, ule upande usiouona ukisimama nje ya gari, umetoa uvimbe mkubwa kama yai, nyuzi za ndani zimekatika na kilichobaki ni mpira mtupu unaoshikilia upepo wote. Mwenye gari alikuwa amekuja kufanya balansi ya magurudumu kwa sababu usukani unatetemeka, alikuwa anaelekea Kampala jioni hiyo hiyo na watoto nyuma. Fundi akamwambia, "Mzee wangu, hii siirudishi, hata ukinilipa mara mbili." Nampenda sana yule fundi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, rimu ya 15 au 16 kwa gari ya saluni ya kawaida inatosha, na ile tofauti ya pesa nunua tairi nne mpya zinazofanana. Sio za mkononi, zilizokwisha kutumika. Kila tairi ina tarehe yake, tafuta pembeni palipoandikwa DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mkononi nyingi zina maua (ile michoro inayoshika lami) mazuri kabisa kwa sababu zilikaa tu kwenye gari iliyokuwa haitembei, ila mpira umeshakauka, ukiukunja kidogo kwa kidole gumba unaona nyufa ndogo ndogo, na kwenye lami yenye maji mpira mkavu haushiki. Halafu upepo jamani! Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, Wajapani wameandika kipimo cha upepo kwa kPa, mara nyingi ni kama 220 au 230, na 230 ni kama 33 kwa psi, kile kipimo cha pampu zetu. Ukimwachia kijana wa pampu anaweka 40 zote, gari inarukaruka, unasema shoka zimekufa.

Sasa tuje kwa gredi, yaani daraja la gari ndani ya modeli moja, hapa ndo shemeji yangu anaingia. Amepata hela ya gari, anatafuta Premio, na kila jioni ananitumia picha. Hizi Premio zina herufi, 1.5 ni F, 1.8 ni X, 2.0 ni G, halafu kuna vipaketi vya vitu vya ziada juu yake kama L na EX, na watu wakishajua hivyo wanadhani gredi ni viti vya kahawia na ile mbao ya bandia kwenye dashibodi. Shemeji naye swali lake la kwanza lilikuwa skrini, inaongea Kijapani, tutaibadilisha vipi. Ni kweli redio za Kijapani zinakusumbua, FM yao inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, sisi stesheni zetu ziko 88 mpaka 108, unabaki na stesheni chache za mwanzo mwanzo tu. Lakini redio unaibadilisha Jumamosi moja na maisha yanaendelea. VSC, ule mfumo unaozuia gari isiteleze, huwezi kuja kuiweka baadaye.

VSC ndo kitu ninachoangalia kwanza kwenye gari yoyote ya Kijapani ya miaka ile ya 2007 mpaka 2012, kwa sababu kipindi hicho kwenye modeli nyingi ilikuwa ni ya gredi za juu au ya kuongezea pesa, unakuta gari mbili rangi moja mwaka mmoja, moja inayo na nyingine haina. Japani walianza kuilazimisha kwenye modeli mpya za gari za kawaida mwaka 2012. Kazi yake ni hii: inasoma usukani umeuelekeza wapi na gari yenyewe inaelekea wapi, ikiona haviendi pamoja inakamata breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini mpaka pua irudi kwenye mstari. Mguu wako hauwezi kufanya hivyo, wewe una pedali moja ya breki kwa magurudumu yote manne.

Mimi niliielewa vizuri nikishuka kutoka Kapchorwa. Ile barabara naipenda kuliko zote za mashariki, unatoka juu kwenye baridi, unapita Sipi, halafu chini yako tambarare yote inafunguka mpaka macho yanachoka, na kona zinakuja moja baada ya nyingine zenye mteremko wa kweli, ukibaki kwenye D na kukanyaga breki njia nzima unafika chini breki zinanuka na pedali imelegea, dawa ni kushusha gia mapema injini ikushikilie na breki uiguse tu kabla ya kona. Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lori lililobeba mavuno lilikuwa limetoka shambani likamwaga tope kwenye kona ya kushoto, tope jekundu jembamba ambalo hulioni mpaka uko juu yake. Nilisikia nyuma inaanza kutoka. Kabla sijafanya chochote taa ya kigari kinachoteleza ikawaka kwenye dashibodi, ikapepesa, chini ya mguu wangu nikasikia breki inagonga tk-tk-tk upande mmoja, na gari ikarudi. Kulia kwangu ni korongo. Dada yangu aliyekuwa amekaa pembeni hakujua hata kama kuna kitu kimetokea, aliendelea na hadithi yake.

Tangu hapo mtu akiniambia gari ina viti vya ngozi namuuliza kitufe cha VSC kiko wapi. Mara nyingi kiko karibu na goti la dereva, kina picha ya gari yenye mistari ya kuyumba. Na usiamini kitufe peke yake, washa switchi bila kuwasha injini, uziangalie taa: ya VSC, ya ABS (inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), na ya mifuko ya hewa (airbag), zote lazima ziwake sekunde chache halafu zizime. Taa ya mfuko wa hewa ikikataa kuwaka kabisa shuku kwamba mtu ameifungua akaiziba, na mtu haizibi bila sababu, mara nyingi maana yake gari iligonga, mifuko ikafumuka, na hakuna aliyeirudisha.

Kwenye bondi moja, yadi ya kuuzia gari za kutoka nje, huku kwetu (jina silitaji) tulikwenda na shemeji kuona Premio nyeupe, inang'aa, muuzaji anatuambia, "Dada, hii haijaguswa, ilikuwa ya mwalimu." Nikamwomba karatasi ya mnada. Gari nyingi za mkononi za Japani zinapita mnadani na zinapewa karatasi yenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyorekebishwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na juu kuna alama ya jumla, 4 ni nzuri, 3.5 inakubalika, ila R au RA ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Akasema karatasi imepotea. Haya. Nikafungua boneti nikaangalia boliti za madigadi, vichwa vya boliti vimechubuka rangi, ina maana spana imepita hapo. Kisha nikavuta ule mpira wa mlango wa nyuma. Kiwandani wanalehemu kwa vidoti vya mviringo vinavyofuatana kwa nafasi sawa, ukivuta mpira unaviona safi kabisa, sasa pale kwenye nguzo vidoti vilikuwepo mpaka nusu halafu vikaishia kwenye mstari mnene wa plasta na rangi. Tukaondoka, na shemeji alikuwa amenuna kwa sababu gari ilikuwa inang'aa kweli.

Shemeji nilimweleza hivi njiani, na ndo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika leo: mbele na nyuma ya gari zimetengenezwa zijikunje, na chumba unachokaa kimetengenezwa kisijikunje. Ukishakata nguzo ukaiunga hujui tena nini kitajikunja. Global NCAP, shirika linalopima usalama wa gari kwa kuzigongesha, waliwahi kugonganisha Nissan NP300 Hardbody mpya ya 2019, ile iliyokuwa inauzwa Afrika, na Navara ya 2015 ya mkononi iliyotoka Ulaya, kampuni moja, pikapu mbili, na walivyosema ni kwamba dereva wa ile mpya huenda angekufa na wa ile ya mkononi huenda angetoka kwa miguu yake. Hiyo Hardbody mwaka 2018 walikuwa wameshaipa nyota sifuri. Kwa hiyo upya peke yake haukulindi na umtumba peke yake haukuui. Na mwaka 2013 taasisi ya Marekani ya IIHS ilipima SUV ndogo 13 kwa ule mtihani mgumu ambapo kona tu ya mbele, robo ya upana, inagonga kizuizi kwa kilomita 64 kwa saa, na ni Forester mpya ya wakati ule peke yake iliyopata alama ya juu kabisa. Sasa hivi hizo Forester ndo zinazoingia Uganda kwa wingi kwa sababu sheria ya 2018 imefunga mlango kwa gari zenye miaka 15 au zaidi, na kama una familia na unapita msitu wa Mabira usiku mi sioni cha kufikiria sana.

Usiku ule nao! Kati ya Bugiri na Jinja malori ya kutoka Malaba hayaishi, ukikuta matawi ya miti yametupwa kwenye lami punguza papo hapo, mbele kuna trela limekufa, halina taa wala kibao, limesimama nusu ndani ya barabara. Ukiligonga kwa nyuma, kitanda chake kiko usawa wa uso wako, boneti inapita chini yake. Hapo nyota zote za NCAP hazikusaidii, kinachokusaidia ni taa nzuri na spidi ya kuweza kusimama, na nishati ya mgongano haiongezeki sawasawa na spidi, ukitoka 50 kwenda 100 inakuwa mara nne.

Vitu viwili vya ndani ya gari vinaniuma. Kwanza vifuniko vya viti, mtu ananunua gari yenye mfuko wa hewa pembeni ya kiti, kuna kijilebo kimeandikwa SRS AIRBAG, halafu siku ya pili anakwenda kushonewa ngozi nene juu yake, mfuko utatokea wapi? Pili ni Takata. Mifuko ya hewa ya hii kampuni iliwekwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Subaru, Mazda, mamilioni kwa mamilioni ya gari, na baruti yake ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Takata yenyewe ilifilisika 2017. Sasa joto na unyevu si ndo hali ya hewa yetu, kuanzia ziwani mpaka huku? Gari nyingi zilisafirishwa kabla hazijabadilishwa. Namba ya chesisi unaiingiza kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, hata kama husomi Kijapani simu inatafsiri, inakuambia kama gari iliitwa irudi kubadilishiwa mfuko na kama ilishatengenezwa.

Shemeji amepata nyingine, 1.8X ya rangi ya fedha, ina vifuniko vya plastiki kwenye magurudumu na viti vya kitambaa, karatasi ya mnada ni 4, kitufe cha VSC kipo. Bado haoni uzuri wake. Jana usiku nilimpigia nikamwambia anitumie namba ya chesisi kabla hajalipa hata shilingi, na ahakikishe mikanda mitatu ya nyuma yote inatoka na kufunga, maana ile ya katikati watu huwa wanaifukia chini ya kiti.