Jumamosi yangu na besi tatu

Saa 12 kasoro robo, alfajiri

Sijanawa uso, lakini mabegi mawili yaliyoko pembeni ya kitanda yameshafunguliwa. Mvua ya masika imepiga hapa Tabata usiku kucha, na shingo ya gitaa ni mti. Hewa ikilowa, nayo inavimba na kujikunja. Naanza na Jazz Bass, gitaa langu la besi la nyuzi nne, la Fender. Kwa mkono mmoja nabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kwa mwingine naubana pale shingo inapokutana na mwili, halafu nachungulia uwazi unaobaki juu ya freti ya 7. Kwa kawaida panapita kipande kimoja cha kadi ya harusi, na mpiga muziki wa ukumbini hakosi kadi za harusi. Leo vinapita viwili, yaani shingo imepinda. Naingiza spana ya L kichwani mwa gitaa, nakaza robo mzunguko, naacha. Ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo haitaki pupa. Mti nao unataka muda wa kuitika.

Halafu Thumb. Hii ni Warwick ya nyuzi tano, ya Markneukirchen, Ujerumani, na leo haijasogea hata unywele. Mwili wake ni bubinga, ubao wa vidole ni wenge, miti ya misitu ya Afrika ya Kati. Jina la wenge sisi wapenzi wa dansi tulilijua kwa bendi ya Kinshasa kabla hatujajua kuwa ni mti. Nikifikiria safari ya mbao hizi, kutoka msituni kwetu Afrika hadi karakana ya Ujerumani, kisha kurudi mpaka chumba changu cha Tabata, naishika kwa heshima zaidi. Haina vanishi, imepakwa mafuta na nta ya nyuki, kwa hiyo kila baada ya wiki chache naisugua upya kwa nta na kipande cha kanga kuukuu. Jasho la Dar linamaliza nta upesi. Leo ni zamu yake. Chumba kizima kinanukia mzinga.

Saa 2 asubuhi

Chai, chapati mbili, bajaji hadi Kijitonyama. Besi moja mgongoni, nyingine mapajani.

Saa 3

Riziki yangu ni mbili: usiku napiga, mchana natengeneza. Mlangoni kwenye karakana nimemkuta kijana aliyesoma na mdogo wangu. Siku hizi anaishi Marekani, anapiga besi kanisani kwao huko, na amekuja likizo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu sana. Umeniletea mgonjwa?"

"Tangu nishuke uwanja wa ndege nyuzi zinagonga freti na kulia, kaka. Kwangu ilikuwa haina neno."

Akafungua begi. Nikaona kipepeo kichwani mwa gitaa, nikanyamaza kidogo. Ni Fodera, Emperor ya nyuzi tano. Karakana yao ipo Brooklyn, New York, ilianzishwa mwaka 1983 na Vinny Fodera na Joey Lauricella, na ndiyo iliyowatengenezea wapiga besi mashuhuri wa Marekani, Victor Wooten ile Monarch yake na Anthony Jackson magitaa yake ya nyuzi sita. Miaka yote nilikuwa naziona pichani tu. Kwa bei ya mpya moja unanunua bajaji, ukaiweka barabarani, na bado ukabaki na chenji.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Gitaa limetoka kwenye nyumba za hita, hewa kavu, limeshuka kwenye joto na unyevu wa pwani. Hapa unyevu umefanya kinyume cha Jazz Bass yangu: shingo imenyooka kupita kiasi. Nililegeza fimbo kidogo sana, nikasubiri, nikapima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12, nikanyanyua uzi wa tano kidogo. Kelele ikaisha. Kijana akataka kulipa. Nikamwambia malipo yangu ni saa moja ya kuipiga nikiwa na zangu pembeni.

Saa 4

Kulinganisha besi kunataka haki. Amplifaya moja, waya mmoja, vifungo vya besi na treble vyote katikati, sauti ileile, na mpiga mmoja. Kila gitaa nikalipigia vitu vitatu: mwendo wa taratibu wa rumba, kipande cha sebene, na noti moja moja kupanda uzi mwembamba kutoka freti ya 1 hadi ya 12, kila noti nikiiacha ife yenyewe.

Hilo la tatu wengi hawalifanyi, na ndilo linalosema ukweli.

Jazz Bass yangu ni ya Marekani, ya mchoro ule Fender aliouleta mwaka 1960: shingo nyembamba upande wa kichwani, pikapu mbili (vile vidude vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti), hakuna betri. Niliinunua kwa mpiga besi aliyeacha muziki, nikamlipa kwa awamu miezi 14. Naijua kama ninavyojua ngazi za nyumbani gizani. Noti zake zinapanda vizuri, A, A sharpu, B, kila moja inakaa na kuvuma. Ukifika freti ya 5, C, inatoka kama nyingine, halafu inazima. Kibatari kimepulizwa. Magitaa mengi ya Fender yana ugonjwa huu, hapo kati ya freti ya 5 na ya 7, na chanzo chake si uzi wala pikapu. Shingo yenyewe ina mtikisiko wake wa asili. Noti inayokaribiana na mtikisiko huo inanyonywa nguvu na mti, uzi unabaki mtupu. Sisi tunaiita noti bubu.

Nikaichukua Thumb. C haikuzima, lakini kila noti inakuja na mngurumo wake wa katikati, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Naupenda mno mngurumo huo. Ila nyuzi zake zimebanana, na pembe yake ya juu ni fupi, kwa hiyo ukiachia mkono wa kushoto, kichwa kinashuka chini. Ukisimama nayo kwa muda wa saa tano bega linakueleza.

Kisha Fodera. Nilipiga uzi mwembamba mara tatu nikitafuta noti bubu. Sikuipata. Nikahamia uzi wa tano, B ya chini kabisa, takriban mitikisiko 31 kwa sekunde, pale ambapo besi nyingi zinatoa upepo badala ya noti. Hapa ilikuwa noti yenye mwanzo, tumbo na mwisho, na ukubwa wake ni uleule wa noti za juu. Kwa maoni yangu ukinunua besi ya gharama, hicho ndicho unachokilipia. Mbao za madoadoa ni urembo; usawa ndio kazi. Kidole kikitoa nguvu ileile, kila noti ikupe jibu lilelile, popote ulipo kwenye shingo.

Nilimuuliza kijana kama huko kwao naye alishawahi kuwa na gitaa lenye noti bubu. Akasema ndiyo, na fundi wake alimfungia kitu kizito kichwani mwa gitaa. Neno hilo nilishalisikia miaka mingi, sikuwahi kulijaribu, kwa sababu nilishazoea. Mara ngapi mtu anazoea maumivu yake! Nikavuta jiriwa ndogo ninayobania gundi, nikaivisha kipande cha ngozi isije ikachubua rangi, nikaibana kichwani mwa Jazz Bass, karibu na kifunguo cha uzi wa G, ule mwembamba.

Freti ya 5. C. Ikakaa.

Nikapiga tena nikihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, bado inavuma. Uzito ukiongezeka kichwani, mtikisiko wa asili wa shingo unashuka. Udhaifu haukufutika, umehamia chini kidogo na kuangukia kati ya noti mbili. Kijana alikuwa anacheka. Mimi machozi yalinilenga, na sioni aibu kuliandika.

Saa 7 mchana

Studio, mtaa wa pili. Wimbo wa dada mmoja wa kwaya anayetoa albamu yake ya kwanza, uko kwenye E flati, na kiitikio kinataka E flati ya chini, ambayo nyuzi nne haziifikii. Jazz Bass ikabaki begini. Kijana alikuja nami na akaniachia Fodera. Tukarekodi wimbo mzima mara mbili, mara kwa Thumb, mara kwa Fodera.

Prodyuza alizisikiliza zote akiwa amefumba macho, akaweka ya Fodera bila kusita. Namuelewa. Thumb ilikuwa inagombea nafasi na kinanda pale katikati, ikabidi apunguze hapa, aongeze pale. Fodera ilikaa chini ya kwaya kama mkeka, kompresa, ile mashine ya kusawazisha sauti, haikuguswa. Nimeitamani. Ningekuwa na kazi za studio kila siku ningeanza kuiwekea akiba wiki hii.

Kijana akachukua gitaa lake, akanishukuru, mimi nikamshukuru zaidi. Nikamkaribisha ukumbini jioni.

Saa 11 jioni

Ukumbi wa harusi, sitautaja. Waya wa ethi haufanyi kazi, na taa za mapambo zote ziko kwenye laini moja na mitambo. Kwenye sebene mimi hutumia pikapu ya nyuma ya Jazz Bass peke yake, maana inatoa sauti ya pua inayopenya katikati ya magitaa matatu. Leo nilipoifungua peke yake, mvumo ulijaa ukumbi.

"Kaka, hiyo nyuki ni yako," fundi mitambo akapaza sauti.

Ni yangu kweli. Pikapu za Jazz Bass zina koili moja moja, na kila moja peke yake inavuta kelele za umeme. Ila zimesukwa kinyume, moja hivi na nyingine vile, kwa hiyo zikifunguliwa zote kwa kipimo sawa, kelele ya hii inaua kelele ya ile. Nikafungua zote mbili mpaka mwisho. Kimya. Jioni nzima, kila nikiishika Jazz Bass, nitapiga hivyo, sauti itakuwa ya duara zaidi.

Saa 2 usiku

Maharusi wanaingia, tunaanza na Thumb. Ukumbi una kelele za watu 400, na ule mngurumo uliogombana na kinanda studio hapa ndio unaofika hadi meza za nyuma. Nyimbo nne safi kabisa. Ya tano sauti ikaanza kukwaruza, ikafifia. Betri ya volti 9 iliyomo ndani yake imekwisha. Nilisugua nta asubuhi kwa upendo wote nikasahau kupima betri. Nikachomoa waya, nikachukua Jazz Bass, sikukosa zaidi ya mizunguko miwili. Yenyewe haijui betri.

Jiriwa bado iko kichwani. Mpiga drams ameiangalia mara mbili, hajasema kitu.

Saa 4 usiku

Ukoo wa bibi harusi umejaa mbele, watu wanatunza, solo limepanda. Mzee wetu wa solo nimepiga naye miaka 11. Sebene lake la mwisho huwa liko kwenye C, na miaka yote hiyo, besi ikitakiwa kuruka juu, mimi naikwepa freti ya 5, nakimbilia C ileile kwenye uzi wa D, freti ya 10. Mkono unasafiri mbali, na noti inachelewa kwa unywele. Hakuna anayejua, nilidhani.

Safari hii sikukimbia. Nikabaki pale pale, nikapiga C kwenye uzi wa G, nikaiacha ivume hadi mzunguko ulipogeuka.

Mzee akageuza kichwa akiwa bado anacharaza. Tuliposhuka kunywa maji alikuja kusimama karibu yangu, akaigusa jiriwa kwa kidole.

"Mwanangu, ile C umeipata wapi?"

"Ilikuwemo, Mzee. Nilikuwa naikimbia."

"Najua ulikuwa unaikimbia," akasema, akafunika chupa yake. "Turudi. Tuanzie hapo."