Kuianza Metroid ukiwa umechelewa: mpangilio niliofuata na pale watu wanapokwama

Metroid ni mfululizo wa gemu za Nintendo unaomfuata mpiganaji wa angani aitwaye Samus. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1986, kwa hiyo anayeianza leo anakuta rundo. Mashabiki watamwambia afuate miaka ya kutoka, au afuate mtiririko wa hadithi. Mimi niliangalia vidole kwanza. Kila gemu katika mfululizo huu ina namna yake ya kuruka, kukimbia na kubadili silaha, na ukianza na iliyo laini zaidi, zile za zamani zitakuudhi bila kosa lao. Hadithi yenyewe ni nyepesi, haitakupotea.

Mpangilio wangu wa gemu za pande mbili (2D, unazozitazama kwa ubavu) ni huu: Zero Mission (2004), Super Metroid (1994), Fusion (2002), kisha Dread (2021). Ile ya 1986 na ile ya Game Boy ya 1991 niliziweka pembeni, nitazigusia baadaye. Kwenye Switch, mashine ya Nintendo, Super Metroid na hizo mbili za zamani zimo katika usajili wa kawaida wa mtandaoni wa Nintendo. Fusion na Zero Mission zinadai usajili wa ngazi ya juu. Dread inanunuliwa peke yake.

Zero Mission ni gemu ya 1986 iliyojengwa upya, na ndiyo mwalimu mzuri kuliko zote. Sanamu za Chozo, jamii ya kale ya viumbe kama ndege, zinakuwekea alama kwenye ramani ya pale unapotakiwa kwenda, na kila kitu kilichofichwa ambacho kipo kwenye ramani kinaonyeshwa kwa kiduara: kikiwa tupu hujakichukua, kikijaa umeshakichukua. Usikimbilie kuimaliza. Itumie kujifunza mambo matatu utakayoyahitaji mbele: kuruka kwa kujisukuma ukutani, kutega mabomu ukiwa umejikunja kama mpira, na ule mruko wa kasi unaopatikana baada ya Speed Booster, kifaa cha kuongeza kasi. Huo wa mwisho unafanywa hivi: kimbia hadi Samus aanze kung'aa, bonyeza chini kuhifadhi ile kasi, halafu ruka na uchague uelekeo kabla mng'ao haujaisha. Atapaa moja kwa moja hadi agonge kitu.

Sasa Super Metroid, na hapa ndipo wengi wanaochelewa huitupa pedi. Gemu ni nzuri mno, ila mikono iliyozoea za baadaye inakuta mambo manne yamebadilika. Samus anaanguka polepole kama yuko ndani ya maji. Hashiki kingo za miamba; usipofika juu kwa miguu, umekosa. Silaha zinachaguliwa kwa kuzizungusha na Select badala ya kushikilia kitufe cha bega. Na kuna kitufe cha kukimbia.

Hicho cha kukimbia ndicho kinachokwamisha kuliko vyote. Katika Zero Mission na Fusion Samus huongeza kasi mwenyewe akishapata kifaa chake. Katika Super, kukimbia kupo tangu sekunde ya kwanza, kwenye B, na hakuna anayekuambia. Unaweza kwenda mbali sana bila kukigusa. Kisha, katika eneo la Brinstar, unafika kwenye daraja ambalo matofali yake yanabomoka ukiyakanyaga. Ukitembea unaanguka. Ukiruka unaanguka mbele kidogo. Watu hudhani kuna kifaa hawajakipata, wanarudi nyuma na kupekua kila ukuta. Hakuna kinachokosekana: rudi nyuma hatua kadhaa, shikilia B, pita mbio bila kuruka.

Kwa kuwa kukimbia na kuruka vinatumika pamoja, nilibadili vitufe kwenye menyu ya mipangilio kabla ya kuanza. Kukimbia nikakuweka Y, kuruka B, kupiga X, kughairi silaha A. Hivyo ncha ya kidole gumba inalala juu ya Y na sehemu yake ya chini inashuka B bila kuachia. Mabega yaache yalivyo, L kulenga chini na R kulenga juu kwa mshazari. Hayo unayahitaji mno, hasa kwa wadudu wanaotambaa kwenye dari.

Kujisukuma ukutani nako kuna masharti makali kuliko Zero Mission. Ruka huku unazunguka kuelekea ukutani. Ukigusa ukuta, bonyeza uelekeo wa kuukimbia ukuta kwanza, na uangalie mwili wa Samus: ataacha kuzunguka kwa nukta moja na kuweka mguu ukutani. Hapo ndipo unabonyeza kuruka. Wanaoshindwa karibu wote hubonyeza vyote viwili kwa pamoja, au hutangulia kuruka. Wapo viumbe watatu wa kijani huko Brinstar ambao kazi yao ni kukuonyesha hili; kaa chini uwatazame mdundo wao. Ukishalipata, unaweza kupanda ukuta mmoja hadi juu kabisa, na sehemu kubwa ya gemu inafunguka kabla ya wakati wake.

Milango isikusumbue: ya bluu hufunguka kwa risasi yoyote, ya waridi kwa makombora 5 au kombora kuu 1, ya kijani kombora kuu 1, ya njano bomu kuu. Ya kijivu inasubiri kitu kingine, mara nyingi uue walio chumbani. Ramani ina ujanja wake. Kituo cha ramani kinakupa vyumba vya kawaida tu, vya siri havimo, kwa hiyo pengo la mraba katikati ya vyumba viwili ni sababu tosha ya kutega bomu. Bomu likilipuka karibu na jiwe la aina maalumu, jiwe linaonyesha alama ya silaha inayolivunja. Huo mruko wa kasi, tofauti na Zero Mission, hapa unakula nishati na hukatika ikifika 29. Jaza kabla ya kujaribu.

Pahali pa pili panapotesa ni njia ya kioo chini ya maji inayopita eneo la Maridia. Unaiona mapema, unapita ndani yake, na inaonekana kama pambo tu. Ukiwa na bomu kuu, simama katikati ya kile kioo ulitege. Sitasema zaidi.

Fusion baada ya hapo ni kama kubadilishiwa msimamizi. Kompyuta inakutuma sekta hii na ile, milango inafungwa nyuma yako. Wengine wanalalamikia hilo. Mimi naona linafaa mtu aliyetoka kuzurura Super, maana linamwacha apumzishe kichwa huku mabosi wakimshughulikia mikono. Samus wa hapa anaumia haraka, kwa hiyo matangi ya nishati ni ya lazima, na anaporuka ukutani anasukumwa mbali, kwa hiyo usitarajie kupanda ukuta mmoja.

Ile ya 1986 hufunguka ukimaliza Zero Mission, na niliicheza nikiwa naijua dunia yake tayari. Hakuna ramani, Samus hachuchumai, na kila ukianza upya baada ya kufa unapewa nishati 30 hata kama una matangi. Chora vyumba kwenye karatasi ya miraba. Jambo moja la kukumbuka: mwale wa barafu na ule wa mawimbi havichanganyiki, ukichukua mmoja unapoteza mwingine. Ukiingia Tourian, eneo la mwisho, bila barafu huwezi kuwaua Metroid, viumbe waliolipa mfululizo jina. Wanagandishwa kwanza, kisha makombora 5 kila mmoja. Kutumia kurudisha muda nyuma, kwa kushikilia ZL na ZR kwenye Switch, hapa sioni aibu yoyote. Ya Game Boy nayo haina ramani, ila kaunta ya Metroid waliobaki inaanzia 39 na asidi inashuka ukimaliza walio katika eneo. Ardhi ikitetemeka, rudi pale asidi ilipokuzuia. Toleo lake jipya la 2017 ni la 3DS, na duka la mtandaoni la mashine hiyo lilifungwa mwaka 2023, kwa hiyo imebaki kutafuta katriji.

Dread niliiacha mwisho kwa makusudi. Samus anateleza, anajibu mapigo ya adui, analenga popote, na ukitoka huko kurudi Super utahisi umefungwa mawe miguuni. Roboti za E.M.M.I. zinaua kwa mguso mmoja, lakini ukifa unarudishwa nje tu ya eneo lao, kwa hiyo kimbia ujifunze njia badala ya kujificha. Tangu 2022 ina ngazi nyepesi kwa anayehitaji.

Prime (2002), iliyotengenezwa upya kwa Switch mwaka 2023, ni ya macho ya mhusika na inaweza kuingizwa popote baada ya Zero Mission. Tumia mpangilio wa vijiti viwili. Vichanganue vitu (scan) mapema, hasa mabosi, kwa sababu wengine hawarudi na ukurasa wao kwenye daftari la gemu utabaki mtupu. Vipande 12 vya Chozo usiviache hadi mwisho: pitia hekalu la Tallon kila unapokuwa jirani, soma dokezo, chukua kilicho njiani.