Nilivyowafundisha watoto Kiingereza kwa kuanzia kwenye Kiswahili chao

Binti yangu alipokuwa darasa la nne, mwaka wa upimaji wa kitaifa, nilifungua daftari lake la Kiingereza nikakuta sentensi hii imekatwa kwa wino mwekundu: "My father she is go to market." Niliirudia mara tatu, nikaanza kusikia Kiswahili ndani yake. Baba yangu a-na-kwenda sokoni. Ile "a" ya anakwenda haitaji mwanamume wala mwanamke, ndiyo maana alichukua "she" kama ambavyo angechukua "he".

Mimi si mwalimu. Nina elimu ya kidato cha nne na genge la mboga hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilikuwa nimeshalipia tuisheni ya mtaani, ambako watoto walikaririshwa majina ya nyakati zote za Kiingereza kama wimbo. Binti yangu aliyataja bila kukosea, lakini hakuweza kusema kwamba mama yake anauza vitunguu. Iliniuma sana. Nikaamua kila jioni, nikishafunga genge, nikae naye barazani pamoja na watoto wawili wa dada yangu, na ubao wetu uwe kipande cha mlango wa zamani.

Nilianza na vitu vya gengeni, kwa sababu "a" na "an" ziliwasumbua. Shuleni walikuwa wameambiwa waangalie a, e, i, o, u. Wakapatia "an egg" na "an onion", kisha wakaandika "an uniform" na "a hour". Nikawaambia: liandikeni neno jinsi mnavyolisikia, kama la Kiswahili. Wakaandika yunifomu. Linaanza na nini? Na y! Basi ni "a uniform". Hour wakaiandika awa, ikaanza na a, basi ni "an hour". Sikio ndilo linaloamua, na maandishi ya Kiswahili hufuata sikio. Jioni ile ile wakahama kwenye mwavuli: ambrela, basi "an umbrella".

Herufi "s" ndiyo iliyotula siku nyingi. Nilitumia mbuzi, ambao hapa kwetu kila mtoto anawajua. Kwa Kiswahili mbuzi ni mbuzi, awe mmoja au hamsini. Anayetuambia idadi ni kitenzi: mbuzi anakula, mbuzi wanakula. Kwa Kiingereza "s" huhamahama. Mbuzi wakiwa wengi, inakaa kwa mbuzi: "The goats eat." Akiwa mmoja, inakwenda kwenye kitenzi: "The goat eats." Nikakata kikaratasi chenye "s" moja tu, wakawa wanakihamisha ubaoni kwa mikono yao. Kwa "I" na "you" kikaratasi kinawekwa kando kabisa. Maneno kama "children" na "men", ambayo ni wingi bila "s", tuliyakariri tu. Sikupata njia nyingine.

Kikaratasi hicho hicho kilitusaidia kwenye kukanusha. Ukisema mbuzi hali, "do" inaingia na kuichukua ile "s": "The goat does not eat." Ikishachukuliwa, "eat" inabaki mikono mitupu. Na "did not went", kosa ambalo hata watu wazima tunalo, lilikwisha nilipowauliza: mtu akisema alikwenda, ukikataa unasemaje? Hakwenda. Mbona husemi hakulikwenda? Walicheka mpaka jirani akachungulia. Alama ya wakati uliopita hutajwa mara moja tu. "Did" imeshaitaja, "go" haina haja ya kubadilika.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni "hu" na "ana". Mama hupika, "Mother cooks." Mama anapika, yaani sasa hivi moto unawaka, "Mother is cooking." Watoto wa siku hizi hawaitumii sana "hu", husema mama anapika kila siku, na hapo ndipo huchanganya. Kwa hiyo kabla ya kuandika Kiingereza nilikuwa nawauliza: unaweza kuweka "hu"? Wakiweza, hakuna "is" wala "-ing".

Njia hiyo iligota siku mtoto wa dada aliponiambia, "Mama mdogo, I am wanting water." Alikuwa amefuata nilichomfundisha: ninataka, sasa hivi, kiu ipo. Ikabidi nitenge maneno ya moyoni na kichwani, kutaka, kujua, kupenda, kuamini, niwaambie haya kwa kawaida hayapokei "-ing" hata kama ni ya dakika hii. Tuliyaandika kwenye kona ya mlango na hatukuyafuta.

Kuhusu "he" na "she" sina mbinu ya kumpa mtu. Nilishusha picha ya harusi yetu ukutani, nikawa naonyesha kidole, wao wanajibu. Ilichukua karibu miezi miwili.

Juzi nimeandika ubaoni: "My brother cut the meat." Nikauliza maana yake ni hukata au alikata, kwa sababu nilijua "cut" haibadiliki ikiwa ya jana. Wale wawili wakasema haiwezekani kujua. Binti yangu akakiokota kile kikaratasi cha "s", sasa kimechakaa, akakiweka mwishoni mwa "cut", akakitoa tena.

"Mama, ingekuwa hukata, hii ingekaa hapa, maana kaka ni mmoja. Haipo. Basi alikata."